Hodi Isiyongoja Jibu



Mtu amepeleka maombi ya kukaa katika nchi isiyo yake. Karatasi zake zimepokewa, ada amelipa, na jibu bado halijaja. Huku kwao mambo yamekwisha kuwa tayari: nyumba ameiuza au ameipangisha, kazi ameiacha, jamaa wamemsomea dua na kumuaga. Suala langu ni hili: je, yafaa mtu huyu akate tiketi, aingie nchi ile kwa jina la mtembezi, akae, atafute riziki, akitaraji kwamba jibu litamkuta huko huko? Siulizi sheria ya serikali inasemaje. Hiyo imeandikwa, na kila mwenye kutaka aweza kuisoma. Nauliza habari ya dhamiri yake, yeye na Mola wake, na yeye na watu wa nchi ile anayoiingia.

Nadhani ni chache nyumba za pwani, tangu Lamu mpaka Kilwa, zisizokuwa na mtu wa namna hii. Ikiwa si mtoto ni mjomba. Ikiwa si Maskati ni Dubai au London. Nasi aghlabu hatumhesabu kuwa amekosa. Twasema amejaribu bahati yake. Twasema hivyo kwa sababu jambo hili tumezoea kulitazama tukiwa wasafiri, sisi ndio wapigao hodi. Leo nataka tulitazame tukiwa ndani ya nyumba, tukiwa ndio tunaobishiwa mlango. Kwa hiyo nakuomba tuiache bahari kidogo, tupande bara mpaka Haydom.

Haydom ni mji mdogo wa wilaya ya Mbulu, mkoa wa Manyara, kwenye nyanda za juu, yapata kilomita 300 kutoka Arusha. Binti yangu ameolewa huko, nami nimepata kukaa naye mara mbili. Ni mahali pa ajabu kwa mtu apendaye kusikiliza lugha. Sokoni utawakuta Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi. Wadatoga wafugaji, wenye asili moja ya lugha na watu wa Nailoti. Wanyiramba na Wanyisanzu, Wabantu kama sisi. Na Wahadzabe wawindaji, ambao maneno yao yana sauti za kugongesha ulimi. Asili nne za lugha za Afrika zimekutana katika mji ambao mtu aweza kuuzunguka kwa miguu kabla ya adhuhuri.

Na katikati ya mji ipo hospitali. Ilianzishwa mwaka 1955 na wamishenari wa Norway, na leo ni ya Dayosisi ya Mbulu ya Kanisa la Kilutheri. Msikiti wa pale ni mdogo, lakini Muislamu akiugua hutibiwa kama mwingine, na haki ni kulisema hilo. Kwa sababu ya hospitali ile, wageni hawakatiki: madaktari, wauguzi, mafundi, wanafunzi, wengi wao kutoka Norway na nchi jirani zake. Hawa ndio wapigao hodi kwetu. Watakiwa wafanye nini ili wakae? Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 imeweka vibali vya ukaazi vya madaraja matatu: A kwa mwenye mtaji wake, B kwa aliyeajiriwa, C kwa wengine kama wamishenari, wanafunzi na watu wa kujitolea. Tangu sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wasio raia, aliyeajiriwa hutafutiwa kwanza kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, ndipo kile cha ukaazi kifuate. Na akiwa ni daktari, yataka pia Baraza la Madaktari la Tanganyika limkubali kabla hajamgusa mgonjwa. Haya huchukua muda, na muda huo huwa mrefu kuliko alivyoambiwa.

Mmoja wao, muuguzi wa makamo, alitueleza siku moja tukinywa chai kwamba alikaa kwao miezi minane, sanduku limefungwa, akingoja. Nilimuuliza kwa nini asije akangojea hapa hapa, maana viza ya matembezi haina taabu kuipata. Hakunijibu kwa maneno mengi. Alisema hakutaka neno lake la kwanza katika nchi yetu liwe uongo.

Jawabu lile lilinichoma, kwa sababu nitakayokueleza mbele. Lakini kwanza tulipime.

Tuseme hakungoja. (Natoa mfano tu, sidai kwamba imetokea.) Anashuka uwanja wa ndege, afisa anamuuliza amekuja kufanya nini. Aweza kusema kweli, akarudishwa, au kusema amekuja kutazama wanyama. Anasema wanyama. Baada ya siku tatu yumo wodini na koti jeupe. Sasa tazama ni watu wangapi amewatia katika neno lake moja. Mganga mkuu anayejua na kunyamaza. Dereva aliyemleta, anayeambiwa akiulizwa aseme ni mgeni wa familia. Mgonjwa, ambaye hajui kitu, naye ndiye mwenye kuhatarika zaidi, kwani likitokea baya hakuna daftari lenye jina la yule aliyemtibu. Na yule afisa wa ofisini aliyepewa jalada alipime: yeye alidhani anaombwa, kumbe amekwisha kuamuliwa. Watoto wa mgeni wamekwisha kuanza shule, mgeni amekwisha kuzoeana na watu, wagonjwa wanamsifu. Afisa akikataa sasa ataitwa katili. Basi ombi lile liligeuka nini? Ombi ni neno linalomwachia mwingine nafasi ya kusema hapana. Ukimwondolea nafasi hiyo, hujamwomba. Umemlazimisha kwa adabu.

Huenda ukaniambia: lakini huyu amekuja kuponya watu! Mama yuko katika uchungu, mtoto amekaa vibaya, wewe wazungumza habari ya mihuri? Hapana, sizungumzi hivyo. Aliyefikiwa na mama huyo na amtibu, awe na kibali au hana, na Mwenyezi Mungu atamlipa. Dharura ina hukumu yake. Lakini wanachuoni wametufunza kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake, haipanuliwi ikawa desturi. Tena kuna tofauti baina ya dharura iliyokukuta njiani na ile uliyoitengeneza mwenyewe kwa kukata tiketi mapema. Sisi Waswahili tuna msemo mzuri kwa mambo haya, mgeni njoo, mwenyeji apone, nao wasadiki mno kwa mgeni wa hospitali. Lakini usikilize vizuri. Msemo waanza kwa "mgeni njoo", na anayeitamka ni mwenyeji.

Hapa sharti nijihadhari, maana mtu aweza kunisoma akadhani naabudu karatasi. Siabudu. Na Haydom hiyo hiyo ndiyo iliyonifunza nisiabudu.

Ukitoka Haydom ukielekea kusini-mashariki, wafika nchi ya Hanang, bonde la Basotu, malisho ya Wabarabaig, ambao ni Wadatoga. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na zaidi katika miaka ya 1970, Serikali kupitia Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, ililima ngano huko, mashamba saba makubwa, ekari zipatazo laki moja. Nchi ilihitaji mkate, na sioni kosa katika kuhitaji mkate. Lakini malisho yale yalikuwa bora kuliko yote, na ndani yake yalikuwamo makaburi ya wazee, vilima ambavyo wenyewe huviheshimu kama sisi tunavyoheshimu maziara. Trekta ziliingia. Mwaka 1981 watu wa kijiji cha Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki. Mahakama ya Rufaa ikatengua. Hukumu imo katika ripoti za sheria za mwaka 1985, na kiini chake ni kwamba haikuthibitika kuwa kijiji kiligawiwa ardhi ile kwa njia ya sheria.

Fikiri jambo hili, msomaji. Aliyeingia bila kupiga hodi ndiye aliyekuwa na karatasi. Aliyezaliwa pale, akazikiwa babu zake pale, hakuwa nayo. Lau idhini ingekuwa ni muhuri tu, basi trekta zile zilikuwa na adabu na mwenye ng'ombe ndiye mvamizi. Hakuna mwenye akili atakayesema hivyo. Idhini ninayoisema mimi ni ya yule atakayeishi nawe, atakayegawana nawe kisima na njia na kivuli. Muhuri ni alama ya idhini hiyo pale ambapo serikali yawasemea watu wake kwa kweli. Mara nyingine yawasemea vibaya, lakini kwa mgeni anayetoka ng'ambo hakuna mlango mwingine wa kuwabishia.

Na vijijini, kule Mbulu kama kwetu, mlango huu bado wajulikana. Mtu anayetaka kuhamia hufika kwa mwenyekiti na barua ya kijiji alichotoka, hutajwa mbele ya watu, huulizwa maswali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imesema halmashauri ya kijiji isigawe ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujakubali. Mkwe wangu ameniambia kuwa mtu akijenga kwanza kisha akaja kuomba, mkutano huweza kumkubali, kwani watu huona haya kuvunja nyumba ya mtu. Lakini miaka kumi baadaye, ukitokea ugomvi wa mpaka wa shamba, hilo ndilo la kwanza kutajwa.

Sasa nirudi kwa Mtume wetu (S.A.W.), kwani habari hii imo katika sira yake, ila twaipita haraka. Alipotoka Taif, amepigwa mawe, damu imejaa viatuni, alikuwa anarudi Makka. Makka si ugeni kwake. Ndiko alikozaliwa, ndiko zilipokuwa nyumba ya mkewe marehemu na watoto wake. Hata hivyo hakuingia. Alikaa nje ya mji, akatuma mtu kwa Akhnas bin Shariq kumwomba ulinzi, akakataa. Akatuma kwa Suhayl bin Amr, naye akakataa. Akatuma mara ya tatu kwa Mut'im bin Adiy, ambaye hakuwa Muislamu wala hakufa Muislamu, naye akakubali, akatoka na wanawe wenye silaha, ndipo Mtume akaingia mji wake mwenyewe. Na wema huo hakuusahau: baada ya Badri alisema lau Mut'im angekuwa hai akawaombea mateka wale, angalimwachia. Alijibiwa hapana mara mbili na bado alikaa nje akangoja. Sisi hapana moja yatutosha kutafuta dirisha.

Utaniuliza juu ya Habasha. Kweli, wale masahaba wa mwanzo waliohamia Habasha hawakupeleka maombi, walipanda jahazi wakavuka. Na hapa ndipo ninapotaka twende polepole, kwa sababu watu wetu wengi ni watoto wa safari ya namna hiyo. Mwaka 1964, baada ya mapinduzi ya Zanzibar, familia nyingi ziliondoka na vilivyo mwilini tu. Waliokuwa na asili ya Oman walidhani Oman itawapokea, lakini Sultani Said bin Taimur hakuwafungulia wote mlango, na wengi walikwama Dubai, Kuwait na kwingineko, mpaka mwanawe Qaboos aliposhika utawala Julai 1970 akawaita waliokuwa nje warudi. Hali kadhalika Wabarabaig walionyang'anywa malisho: wengi walitembeza ng'ombe wao mbali sana, mpaka Usangu na Morogoro, na huko waliitwa wavamizi. Mtu ambaye nyumba yake inaungua hapigi hodi mara tatu kwa jirani. Huvunja mlango, na jirani mwenye utu hamdai kitasa.

Lakini tazama tofauti. Waliokimbilia Habasha walipoitwa mbele ya Najashi, na wajumbe wa Makureshi wakiwapo na zawadi zao, Jaafar bin Abi Talib alisema yote: wao ni nani, wamekimbia nini, wanaamini nini, hata juu ya Nabii Isa, jambo ambalo lingeweza kuwagharimu mahali pa kukaa. Mkimbizi ana haja ya kujulikana kuwa ni mkimbizi; usalama wake umo katika kusema kweli. Anayetangulia jibu kwa hiari yake, usalama wake umo katika kuficha. Kwa hili waweza kujipima mwenyewe bila kumuuliza sheikh: siku ya kwanza huko uendako, je, waweza kumweleza mwenye nchi sababu iliyokuleta?

Mimi sikuweza. Hii ndiyo sababu ya kuchomwa na maneno ya yule muuguzi. Nilipokuwa kijana nilikwenda katika mji mmoja wa Ghuba kwa viza ya matembezi ya mwezi mmoja. Maombi yangu ya kukaa yalikuwa yamepelekwa na jamaa aliyekubali kunidhamini, nami nilichoka kungoja. Niliulizwa nimekuja kufanya nini, nikasema kumwona ndugu. Mwezi ukaisha, jibu halikuja, nikabaki. Sikuteswa na mtu, wala sina kisa cha kumlaumu mwajiri. Nililala vizuri, nilikula vizuri, nilituma pesa nyumbani. Ila nilijifunza kupita njia za nyuma, na kutomjibu mtu aniulizaye jina haraka, na yule jamaa aliyenidhamini alianza kunikwepa, kwani ningekamatwa naye angeulizwa. Mwaka wa pili babangu alikufa. Simu ya maandishi ilifika asubuhi. Kutoka kulikuwa rahisi, ila aliyetoka hangerudi, na maombi yangu yangefutwa. Nilikaa kitandani mpaka laasiri nikihesabu, na nilipokwisha kuhesabu babangu alikuwa amekwisha kuzikwa na watu wengine. Jibu la maombi lilikuja miezi mitano baadaye, na lilikuwa ndiyo. Watu wakanipongeza.

Sisemi kwamba niliadhibiwa. Mauti yana wakati wake, na ningekuwa na kibali pengine pia nisingeliwahi. Ninalosema ni kwamba nilipohama kabla ya jibu nilidhani najiongezea uhuru, na kilichonipotea ni uhuru wa kurudi. Hilo halitajwi na wanaokuuzia tiketi.

Yako maneno ya haki upande wa pili, nami sitayaficha. Zipo ofisi zinazokalia jalada la mtu miaka, zikamwacha hai wala si hai, mke hajui kama aliyeondoka anarudi, watoto hawajui wataanza shule wapi. Kitabu chetu, katika Sura An-Nur, kimetufunza tusiingie nyumba za watu mpaka tupate idhini, na tukiambiwa turudi tukarudi. Lakini pia tumefunzwa kwamba salamu hujibiwa. Mwenyeji aliye ndani, asikiaye hodi na kunyamaza mwaka mzima ilhali taa inawaka, naye ana lake la kujibu. Nchi yetu imo katika hilo pia. Wale wageni wa Haydom wamengojeshwa na ofisi zetu. Anayekalia jalada asishangae akikuta mtu dirishani. Kosa lake hata hivyo halilifanyi dirisha kuwa mlango, na nchi zimeanza kuchoka. Mwaka 2023 polisi wa Oman walitangaza kusimamisha kubadilisha viza za matembezi kuwa za kazi kwa mtu aliyekwisha kuingia. Waliofungiwa na tangazo lile wamo ambao hawakumdanganya mtu.

Mpwa wangu aliyeko Tanga amepeleka maombi ya kwenda huko huko nilikokwenda mimi, tangu mwezi wa Rajabu. Juzi alinipigia simu akitaka nimkopeshe nauli. Nilimwambia nauli ipo, nimeitenga, nitampa siku jibu litakapokuja. Na likiwa siyo, pesa zile zile na azifanyie biashara. Akaniambia kwa adabu, mjomba, wewe mwenyewe hukungoja. Nikamwambia kweli, sikungoja, na nikamweleza habari ya maziko ya babu yake, ambayo sikuwahi kumweleza mtoto yeyote katika nyumba yetu. Alinyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza nimetenga kiasi gani.